Pishi na Mizani: Juu ya Kugeuza Ujazo wa Chakula kuwa Uzito

Katika nchi ya Ufipa, tangu ukingo wa bonde la Ziwa Rukwa hata miteremko ishukayo Ziwa Tanganyika, chakula hupimwa kwa njia mbili. Nyumbani na sokoni hupimwa kwa chombo: debe, sado, kopo, kikombe, kijiko. Ghalani, dukani na katika vitabu vya upishi hupimwa kwa mizani: kilo na gramu. Njia hizi mbili hukutana kila siku, na mara nyingi hukutana mikononi mwa mwalimu. Yeye ndiye aulizwaye, "Maharage kilo 30 ni madebe mangapi?" Yeye ndiye aandikaye daftari la jiko la shule. Na yeye ndiye aletewaye karatasi ya kuoka mikate iliyoandikwa kwa gramu, hali jikoni hamna mizani. Kwa hiyo nimeona yafaa kulieleza jambo hili kwa utaratibu: kwanza maneno yenyewe, kisha kanuni, kisha makosa yaletayo hasara, na mwisho njia ya kupata hesabu iliyo kweli hata mahali pasipo mizani ya kununua.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuaibika. Nilipokuwa mwalimu kijana, shule niliyofundisha ilikuwa ikijiandaa kwa sikukuu, nami nikapewa kusimamia mikate. Karatasi ilisema: unga wa ngano kilo 5, maji lita 3, chumvi gramu 100, na hamira yake. Mizani haikuwapo. Nikakumbuka somo nililofundishwa na nililofundisha, kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, nikawaambia wapishi kwa ujasiri, "Pimeni lita 5 za unga." Mama aliyekuwa mkuu wa jiko alikitazama chombo, akanitazama mimi, akanyamaza kwa heshima. Tulipokwisha kumimina maji yote akachovya mwiko, akauinua, ukatiririka. "Mwalimu," akasema, "huu si mkate, huu ni uji."

Baadaye nilijua ya kuwa lita 5 zile za unga hazikufika hata kilo 3. Maji na chumvi vilikuwa vya kilo 5, na unga ulikuwa karibu nusu yake. Kuzidisha kwangu hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba nilichukua kanuni ya maji nikaitia katika unga, kana kwamba lita ni lita tu, bila kuuliza ni lita ya nini.

1. Maneno ya kale

Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kupima, kwa kazi nyingi. Twapima kitambaa kwa urefu, twapima mtama kwa kibaba, twapima pamba kwa mizani, hata mgonjwa hupimwa. Neno hili ni pana na zuri, lakini lina hatari yake: msikiaji akiambiwa "pima unga" hajui kama aulizwa nafasi inayojazwa na unga, au uzito uvutao mkono chini. Mambo hayo ni mawili. La kwanza twaliita ujazo, la pili twaliita uzito.

Watu wa pwani tangu zamani walikuwa na majina mbalimbali kwa mambo hayo mawili. Kwa ujazo walisema kibaba. Vibaba 2 ni kisaga. Visaga 2, yaani vibaba 4, ni pishi. Kwa uzito walisema wakia. Wakia 16 ni ratli. Na ratli 35 hivi ni frasila, yaani karibu kilo 16. Majina ya uzito yametoka kwa Waarabu pamoja na mizani ya biashara ya pembe, karafuu na sandarusi. Kibaba na kisaga yana sura ya maneno ya nyumbani, yakifuata ngeli ya kitu na vitu. Wakia ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Unguja katika karne ya 19, ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Basi reale 16 ni gramu 449, na ratli ya Kiingereza ni gramu 454. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na reale 16 za kweli alikuwa na ratli mkononi mwake. Hesabu hiyo yalingana vizuri.

Lakini hesabu ya pishi hailingani vizuri, na kwa sababu hiyo inatufundisha zaidi. Kamusi za zamani huieleza pishi kuwa kwa ujazo ni karibu nusu galoni, na kwa uzito ni karibu ratli 6. Msomaji na atazame hesabu hizi mbili pamoja. Galoni ya Kiingereza ya maji ina uzito wa ratli 10, basi nusu galoni ya maji ni ratli 5. Nafaka yote tuijuayo, ikijazwa chomboni, ni nyepesi kuliko maji ya chombo kile kile, maana kati ya punje na punje pana hewa. Nusu galoni ya mahindi makavu haifiki ratli 4. Itawezaje basi pishi hiyo hiyo kuwa ratli 6? Haiwezekani. Ndiyo kusema kwamba jina moja lilichukua vitu viwili: pishi ya chombo na pishi ya mizani. Tena chombo chenyewe kilijazwa kwa namna mbalimbali. Aliyejifunza jina tu, bila kuona chombo wala kuuliza chakula, alipata hesabu mbili zinazopingana.

Hata leo jambo hili halijafa. Waislamu, katika sadaka ya fitri mwishoni mwa Ramadhani, hutoa kipimo cha chakula kiitwacho saa kwa Kiarabu, na watu wa pwani hukitaja kwa pishi. Asili yake ni kipimo cha ujazo. Siku hizi hutangazwa kwa kilo, na wanavyuoni hutofautiana kidogo, wengi wakikadiria kati ya kilo 2 na nusu na kilo 3. Tofauti hiyo si ya ajabu: chombo kimoja kikijazwa mchele, na kikijazwa unga, na kikijazwa tende, mizani haitasema neno moja.

2. Kanuni yenyewe

Kanuni ni fupi, na mtoto wa darasa la tano aweza kuishika. Kwanza jua lita moja ya kitu kile ina uzito gani. Ukitaka uzito, zidisha lita kwa uzito huo. Ukitaka ujazo, gawanya uzito wote kwa uzito huo. Hapana kanuni nyingine. Taabu yote imo katika kujua uzito wa lita moja, maana kila kitu kina wake. Hapa naweka orodha ya vyakula vya kawaida. Hesabu zote ni za lita moja, kwa gramu, na chombo kimejazwa bila kushindiliwa na kufutwa juu kwa kijiti.

Maji: 1,000.
Maziwa: karibu 1,030.
Asali: karibu 1,400.
Mafuta ya kupikia: karibu 920.
Chumvi laini: karibu 1,200.
Sukari: karibu 850.
Mchele: 800 hadi 850.
Maharage makavu: karibu 770.
Ngano, punje: karibu 770.
Ulezi: karibu 750.
Mahindi makavu: karibu 720.
Mpunga: karibu 580.
Unga wa mahindi na unga wa ngano, uliotiwa polepole: karibu 550.

Tazama jinsi vitu hivi vilivyotengana. Lita ya asali ni nzito kupita mara mbili ya lita ya unga. Mpunga uliopandishwa kutoka bonde la Rukwa, ukiwa bado na maganda, ni mwepesi kuliko mchele wake. Chumvi na sukari, ambavyo kwa macho vyafanana, vyatofautiana hata chumvi ikazidi kwa zaidi ya theluthi moja.

Sasa tujibu swali la mwanzo. Maharage kilo 30 ni gramu 30,000. Gawanya kwa 770, utapata lita 39. Kama debe lako ni la lita 20, hayo ni madebe 2 kasoro lita moja. Na mikate yangu je? Kilo 5 za unga ni gramu 5,000; gawanya kwa 550, utapata lita 9 na kidogo. Mimi nilitia 5.

Lakini angalia neno lile "kama debe lako ni la lita 20". Debe la asili ni kopo la bati lililoleta mafuta ya taa, nalo lilikuwa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Ndoo ya plastiki iliyolirithi jina ni ya lita 20. Vyote viwili huitwa debe, na katika mahindi tofauti yake ni zaidi ya kilo moja kwa kila debe. Hali kadhalika sado, ndoo ndogo ya rangi itumiwayo masokoni, huhesabiwa kuwa lita 4. Lakini ikiwa kitako kimebonyezwa ndani, au mdomo umekatwa, si lita 4 tena. Kabla ya kupima chakula kwa chombo, pima chombo chenyewe kwa maji.

3. Mfuto na tele

Kiswahili cha zamani kilikuwa na maneno mawili ambayo twapaswa kuyafundisha tena. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kwa kijiti hata chakula kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichoachwa na kichuguu chake. Mithali husema haba na haba hujaza kibaba, wala haikusema ni cha mfuto au cha tele. Lakini muuzaji na mnunuzi yawapasa kusema. Nayo Injili ya Luka, katika sura ya 6, inapotaka kueleza ukarimu usio na kiasi, hutaja namna za kujaza: kushindilia, kusukasuka, na kufurika. Aliyeyanena hayo aliijua ghala. Kila namna huongeza chakula katika chombo kile kile. Ni jambo jema mtu akitoa chake kwa hiari. Ni jambo lingine akichukua cha mwenziwe.

Kichuguu kina kiasi gani? Mahindi makavu yakimwagwa husimama kwa mteremko wa digrii 25 hadi 30. Juu ya debe la bati, ambalo mdomo wake ni mraba wa sentimita 23 na nusu hivi, kichuguu hupanda sentimita 6, nacho kina lita 1 na kidogo. Lakini chukua beseni la ujazo ule ule lenye mdomo mpana wa sentimita 40: kichuguu chake hupanda sentimita 10, nacho kina lita 4 nzima. Vyombo hivi viwili vikifutwa ni sawasawa. Vikijazwa tele, beseni humeza lita 3 zaidi. Kwa hiyo mwuzaji mwenye busara hutazama upana wa mdomo kuliko kina cha chombo.

Tuje katika gunia. Watu wengi husema gunia la mahindi la kilo 100 ni madebe 6. Wengine husema ni madebe 7. Nimewasikia wakibishana sana, na kila mmoja ana ushahidi. Tufanye hesabu. Debe la lita 20 la mfuto lina mahindi ya kilo 14 na gramu 400. Madebe 6 ya mfuto ni kilo 86 na kidogo. Madebe 7 ni kilo 101 kasoro. Basi asemaye 7 anasema mfuto. Asemaye 6 anasema tele, tena tele iliyosukwasukwa, maana kila debe lapaswa kufika karibu kilo 17. Wote wawili wasema kweli, ila wameficha neno moja.

Neno hilo lililofichwa lina bei. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ilishayo nchi kwa mahindi, na wakulima wengi wa vijijini huuza kwa debe shambani, hali mnunuzi huuza kwa kilo mjini. Tuseme mkulima amepatana bei ya debe akilifikiria debe la mfuto, naye akapimiwa madebe 60 ya tele. Yeye amelipwa kilo 864. Gari limeondoka na kilo 1,000. Kilo 136 zimekwenda bure, wala hapana aliyeiba kwa usiku. Kama mtu mmoja hula nusu kilo kwa siku, hicho ni chakula cha miezi tisa cha mtu mmoja. Ndiyo sababu ya kukatazwa lile gunia la kushonewa kilemba, liitwalo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake hutaka mazao yauzwe kwa mizani, na kifurushi kisizidi kilo 100. Na kuanzia mwaka 2002 uko Wakala wa Vipimo wa kusimamia jambo hilo. Lakini sheria haifiki kila kona ya shamba. Mtoto aliyefundishwa mfuto na tele aweza kusimama kando ya debe la baba yake na kuuliza.

4. Debe likitoka mashineni

Kuna jambo lingine liwadanganyalo watu kwa sababu linapendeza macho. Mama hupeleka debe la mahindi mashineni, naye hurudi na unga unaozidi debe. Watu husema unga umebarikiwa. Kwa kweli uzito haukuongezeka. Mahindi kilo 14 na gramu 400 yaliyosagwa dona, bila kukobolewa, hutoa unga wa karibu uzito ule ule, ukitoa vumbi kidogo lipotealo. Lakini unga umejaa hewa, na kwa gramu 550 kwa lita huchukua lita 26.

Sasa fikiri yule mama akirudishiwa debe moja kamili la unga kwa debe moja la mahindi. Kwa macho amepata haki yake: debe limeingia, debe limetoka. Kwa mizani amepata kilo 11, na kilo 3 na zaidi zimebaki pengine. Hata mwenye mashine aliye mwaminifu aweza kuzibakiza bila kujua, katika pembe za chombo au katika mfuko wa mwingine. Ujazo haukusema uongo, ila umeulizwa swali ambalo hauwezi kulijibu.

Unga ni mgumu kuliko nafaka kwa sababu nyingine tena: hubadilika mikononi. Unga uliotiwa kikombeni kwa kijiko polepole, na unga uliochotwa kwa kukididimiza kikombe ndani ya mfuko, waweza kutofautiana kwa sehemu moja ya tano, hata robo. Ukiugongagonga mezani hushuka zaidi. Kwa hiyo wapishi wawili walioshika karatasi moja na kikombe kimoja hupata mikate miwili. Njia ya kuepukana na hayo ni kuutifua unga kwanza, kuutia kwa kijiko, kisha kufuta kwa ubapa wa kisu bila kugonga.

5. Maji yaliyomo ndani ya punje

Mizani nayo si malaika. Mahindi yaliyovunwa mapema huwa na maji mengi ndani. Viwango vya Afrika Mashariki hutaka maji ya mahindi yasizidi sehemu 13 na nusu katika mia. Tuseme shule imenunua kilo 100 za mahindi yenye maji sehemu 20 katika mia. Chakula kikavu ndani yake ni kilo 80. Yakianikwa hata kufikia kiwango, yatakuwa kilo 92 na nusu tu. Mtunza ghala akipima baada ya mwezi na kukuta kilo 7 na nusu zimepungua, asikimbilie kumshuku mpishi. Amelipia maji, na jua limeyachukua. Nimejua watu waliotazamana vibaya kwa miaka kwa sababu ya kilo za namna hiyo. Kwa hiyo katika daftari la ghala iandikwe siku ya kupima na hali ya nafaka, si kilo peke yake.

6. Kijiko cha chumvi

Huenda msomaji akasema, haya ni mambo ya wafanya biashara. Basi na tushuke hata kijiko. Mtoto akishikwa na kuhara, vituo vya afya hutoa pakiti za chumvi na sukari za kutia katika maji safi, nazo ndizo bora kwa sababu zimepimwa kwa mizani. Pakiti zikikosekana, mafundisho yajulikanayo ni haya: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote ni vya mfuto. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo chumvi ni karibu gramu 3, na sukari ni karibu gramu 25.

Hapa neno mfuto si adabu ya jikoni tu. Nusu kijiko ikiwa ya tele, chumvi yaweza kuwa mara mbili. Mtu akitumia kijiko cha mezani, ambacho ni mililita 15, chumvi itakuwa mara tatu, na chumvi ikizidi namna hiyo huweza kumdhuru mtoto ambaye tayari amekaukiwa maji. Na akipunguza maji, akitumia chupa ya nusu lita akidhani ni lita, ni kama kuzidisha chumvi na sukari vyote viwili. Akina mama wengi wamefundishwa idadi ya vijiko, nao huikumbuka vizuri; lakini idadi pasipo namna ya kujaza ni nusu ya fundisho. Mwalimu afundishapo jambo hili asiseme kwa kinywa tu. Achukue kijiko, akijaze, akifute mbele yao, na kila mmoja afanye vivyo hivyo.

7. Jinsi ya kupata hesabu yako mwenyewe

Orodha niliyoweka juu ni ya kuongoza tu. Maharage ya Ufipa ni ya namna nyingi, makubwa kwa madogo, na unga hutegemea mashine. Kwa hiyo kila shule na ifanye hesabu yake.

Penye mizani kazi ni rahisi. Pima kopo tupu, uandike uzito wake. Lijaze chakula, ufute, upime tena. Ondoa uzito wa kopo. Fanya hivi mara tatu, maana mkono hubadilika. Jumlisha, gawanya kwa tatu. Kisha lijaze kopo lile lile maji hata ukingoni, upime: gramu za maji ndizo mililita za kopo. Gawanya uzito wa chakula kwa ujazo, nawe umepata uzito wa lita moja.

Pasipo mizani, maji yenyewe yatakuwa mawe ya mizani. Chukua ufito ulionyooka wa urefu wa mita moja, uutoboe katikati kabisa, uutundike kwa uzi. Ning'iniza makopo mawili yaliyo sawa katika ncha zake mbili, kwa umbali mmoja toka katikati. Kama ufito umelala upande, tia kokoto ndogo katika kopo jepesi hata usimame sawa, na kokoto hizo zisiondolewe. Kisha tia katika kopo moja maji nusu lita, uliyoyapima kwa chupa yenye alama. Hiyo ni nusu kilo. Mimina mahindi katika kopo la pili hata ufito usimame sawa tena. Sasa una nusu kilo ya mahindi kwa hakika. Yatie katika chombo chenye alama za mililita, uone yanafika wapi. Kwa vitu vidogo kama chumvi na hamira, bomba jipya la sindano, bila sindano yake, litakupimia maji mililita 5 au 10, nayo ni gramu 5 au 10. Wanafunzi hupenda kazi hii, na somo la desimali ambalo lilikuwa kavu ubaoni hupata maana.

Matokeo yasiachwe katika daftari la mwalimu. Yaandikwe kwa rangi juu ya chombo chenyewe cha jiko, kwa maneno mafupi: "Kopo hili, mfuto: maharage gramu kadha, mahindi gramu kadha, unga gramu kadha." Mpishi ajaye baadaye hatahitaji kuuliza.

8. Neno juu ya desturi

Msomaji asidhani nawadharau wazee kwa kupima kwa ungo na kibuyu. Katika vijiji vyetu mama akikopa unga kwa jirani, hukopa kwa bakuli, na hulipa kwa bakuli lile lile, unga wa namna ile ile, na mara nyingi kwa mkono ule ule. Hapo mizani haina kazi. Chombo kikiwa kimoja na chakula kikiwa kimoja, ujazo ni haki kamili, na bibi aliyenifundisha hayo alikuwa akiongeza konzi moja juu, akisema, "Hii ni ya asante, mwanangu, usiihesabu."

Taabu huanza chombo kinapobadilika kati ya kukopa na kulipa. Au chakula kinapobadilika, mahindi yakawa unga na mpunga ukawa mchele. Au mkono unapobadilika, afutaye akapokewa na ajazaye tele. Mambo hayo matatu ndiyo ya kuuliza kila mara mtu akuambiapo "debe moja": debe lipi, la nini, limejazwaje? Akijibu matatu yote, kilo zitapatikana kwa kuzidisha mara moja.

Mwaka uliofuata sikukuu ile, shule iliniruhusu kusimamia mikate tena. Safari hii nilimwomba mama mkuu wa jiko akae nami tangu asubuhi. Tukatundika ufito mtini, tukapima unga kwa maji, tukapata kwamba kopo letu la lita moja lilichukua gramu 540. Tukajaza makopo 9 ya mfuto na robo moja. Alipomimina maji na kukanda, alinyamaza muda mrefu, kisha akauinua unga kwa mikono miwili, nao haukutiririka. "Haya, mwalimu," akasema, "leta chumvi. Na hiyo nayo uifute."